Ushahidi wa Waliomjua

Petro alipofika Yafa, mwili wa Dorkasi ulikuwa umeshaoshwa na kulazwa chumba cha juu. Matendo ya Mitume, sura ya 9, haituambii kwamba alipokewa kwa hotuba. Inatuambia alipokewa na wajane wanaolia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo marehemu aliwashonea enzi za uhai wake. Kila nikiisoma sura hiyo nawatazama wale akina mama kuliko ninavyomtazama Petro. Hawakutaja sifa. Walinyosha mikono wakaonyesha nguo: huyu ndiye aliyekuwa kwetu, shika, angalia mshono wake.

Wiki hii naomba tumkumbuke kwa namna hiyo mwanasheria mmoja wa ng'ambo ya pili ya Ziwa Kivu, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui bin Kositi wa Goma. Wengi wenu mmekwisha kulisikia jina lake. Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri tarehe 15 Juni 2025, Sikukuu ya Utatu Mtakatifu, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta mjini Roma, na Kardinali Marcello Semeraro ndiye aliyeongoza Misa hiyo. Lakini jina likishawekwa kwenye orodha ya wenyeheri huanza kutuponyoka. Linapanda juu, linakuwa picha ukutani, na sisi tunaovuka daraja la mpaka la Rusizi I kila siku na vitambulisho vyetu mkononi tunaona kwamba hatuna uhusiano nalo tena. Ndiyo maana napenda nianze na waliomjua kabla hajawa picha.

Alizaliwa Goma tarehe 13 Juni 1981. Alisomea sheria papo hapo Goma, katika miaka ambayo Kivu ilikuwa vitani na mji wenyewe, Januari 2002, ukafunikwa sehemu yake na moto wa volkano ya Nyiragongo. Kijana anayefungua kitabu cha sheria mahali kama hapo hafanyi jambo dogo. Nje ya darasa kila mtu anaona kwamba mwenye bunduki ndiye mwenye neno, naye anakaa anajifunza vifungu vinavyosema mnyonge ana haki. Wengine husoma sheria ili wajue mianya yake. Rafiki zake wanasema huyu aliisoma kwa sababu aliamini kwamba nchi yake inaweza kuwa nyingine.

Rafiki hao ni vijana wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Jumuiya hiyo ilianzishwa na wanafunzi mjini Roma mwaka 1968, ikaja kujulikana sana Afrika tarehe 4 Oktoba 1992, pale mapatano ya amani ya Msumbiji, yaliyojadiliwa chini ya paa lake, yalipotiwa saini. Pale Goma haikuwa na meza ya mapatano. Ilikuwa na watoto wa mitaani, wale ambao Goma na Bukavu wanaitwa maibobo, na hata huku kwetu jina ni karibu lilelile. Floribert alikuwa mmoja wa waliowafundisha katika Shule ya Amani. Huwezi kumfundisha maibobo kwa kumwandikia herufi ubaoni tu. Kwanza umpate, na ukishampata umjue kwa jina, maana amezoea kuitwa mwizi. Umpe chakula kabla ya somo, na kesho ukikuta hayupo umtafute tena palepale sokoni. Waliokuwa naye wanakumbuka kwamba mambo haya hayakumchosha. Wanakumbuka pia kwamba alikuwa kijana wa kupenda kuvaa vizuri, mchangamfu, mwenye mipango ya maisha. Nafurahi kwamba hawakuyaficha hayo.

Baada ya masomo aliajiriwa na OCC, ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa. Alipata mafunzo Kinshasa, kisha mwaka 2007 akarudishwa Goma, na kazi yake ikawa kuamua kipi kati ya vinavyoingia nchini kinafaa kutumiwa na kipi kimeharibika kiasi cha kuteketezwa. Sheria yote aliyoisoma ilikutana hapo, kwenye gunia na mhuri.

Aliyewahi kufanya kazi ghala la nafaka anajua jambo hili linavyokwenda. Mkaguzi anachukua bambo, analichoma gunia pembeni, mchele unamiminika kiganjani. Anautazama rangi, anaunusa. Ule uliolala kwenye unyevu una harufu ya ukungu inayokaa puani siku nzima, na ukiuvunjavunja kwa vidole unatoa unga. Mwenye mali yuko hapo pembeni anatazama uso wa mkaguzi. Lori limesimama, dereva anadai siku zake, mteja ameshatanguliza fedha. Wote wanasubiri mhuri mmoja. Ukipigwa, magunia yataingia sokoni, yatachanganywa na mchele mzuri, yatauzwa kwa kilo na kwa kopo, na hakuna atakayejua ni mkono wa nani uliyaruhusu. Ndipo bahasha inapotokea. Kwa Wakongo inaweza kuitwa matabishi, kwetu Rwanda inaweza kuitwa fanta. Hutolewa kwa upole, mara nyingi na mtu anayekuuliza kwanza habari za watoto.

Floribert aliikataa. Ilipokuja tena kubwa zaidi aliikataa tena, na hata walipoingia watu wenye vyeo kumshinikiza, hakubadili neno. Tunayajua haya kutoka kwa mtawa mmoja rafiki yake, ambaye pia ni daktari. Floribert alimpigia simu akimwuliza swali la kitaalamu kabisa: mtu akila chakula kilichoharibika namna hii, kinamdhuru kiasi gani? Halafu wakaongea yale mengine. Mtawa huyo alikuja kushuhudia kwamba kijana alikuwa anajiuliza kama anaishi katika Kristo au la, na kwamba alimwambia fedha zile zitakwisha upesi, ila watu watakaokula chakula kile, itakuwaje kwao?

Naomba tukae kidogo kwenye simu hiyo. Kwangu mimi ndiyo kanzu ya Dorkasi. Hakupiga simu ili asifiwe wala hakutafuta mtu wa kumtolea hofu yake tu. Alitaka kujua ukweli wa jambo kabla ya kuamua, kama mwanasheria anavyouliza shahidi mtaalamu, na hapohapo aliuliza habari ya roho yake. Maswali hayo mawili kwake yalikuwa swali moja. Wengi wetu tumeyatenganisha. Jumapili tunauliza habari ya roho, Jumatatu tunauliza bei ya mhuri.

Nabii Amosi aliwaona watu wa namna hiyo karne ya nane kabla ya Kristo. Katika sura ya 8 anawataja wafanyabiashara wanaosubiri kwa hamu Sabato iishe ili wafungue ghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, na wawauzie maskini hata makapi ya ngano. Makapi ya ngano! Hakuishia kwenye maneno makubwa juu ya dhuluma, alitaja mpaka kile kilichomo kwenye gunia. Sheria ya kwamba chakula kibovu hakiuzwi ilikuwepo tangu hapo, nayo imo katika vitabu vya Kongo na vya Rwanda. Floribert hakutunga sheria mpya wala hakudai mageuzi. Alitii kifungu kilichokuwepo, pale mezani, saa ile fedha ilipokuwa mbele yake.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa. Usiku wa kuamkia tarehe 8 aliuawa, baada ya kuteswa. Tarehe 9 mwili wake ukapatikana. Sitaeleza zaidi ya hapo.

Sasa nifikie jambo linalonikaa moyoni kuliko yote. Wajane wa Yafa walikuwa na nguo za kuonyesha. Floribert aliwaachia watu wake nini cha kuonyesha? Mtoto wa mtaa wa Birere pale Goma ambaye hakula mchele ule hajui kwamba hakuula. Hakuharisha usiku, mama yake hakukimbia naye hospitali, basi. Siku yake ilipita kama siku nyingine. Mama huyo hawezi kusimama mbele ya Petro na kunyosha kitu mkononi, kwa sababu wema aliotendewa ni wema wa jambo ambalo halikutokea. Ndivyo ilivyo kwa kila mwanasheria mwaminifu, kila karani, kila mkaguzi na askari wa zamu. Sehemu kubwa ya haki wanayoitenda haina shahidi, maana waliookolewa nayo hawana habari.

Kwa hiyo marafiki wanapaswa kusema kwa niaba yao, na marafiki wa Floribert walisema. Jimbo la Goma lilipofungua uchunguzi mwaka 2016, waliitwa mmoja mmoja, wakaapa, wakajibu maswali. Alisema nini? Ulikuwepo wewe mwenyewe, au ulisikia? Alikuwa anasali? Alikuwa na deni? Kanisa halimtangazi mtu kwa uvumi, hata uvumi mzuri. Lilitaka kujua kama kweli aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, au kwa biashara tu, na jibu lilitegemea kumbukumbu za watu wa kawaida: aliyepokea simu, aliyefundisha naye maibobo, aliyefanya naye kazi. Tarehe 25 Novemba 2024 Papa Fransisko akaidhinisha kwamba alikufa shahidi wa imani. Mwanasheria huyu aliyekufa bila wakili alikuwa amepata mawakili.

Njia hiyo ni ya zamani. Mtakatifu Ivo wa Bretagne, msimamizi wa wanasheria tunayemkumbuka tarehe 19 Mei, alikuwa padri na hakimu aliyewatetea wajane na yatima bila malipo. Alifariki mwaka 1303. Mwaka 1330 majaji wa Kanisa walikwenda mpaka Tréguier, alikoishi, wakawasikiliza waliomjua, na mwaka 1347 akatangazwa mtakatifu. Majaji hao walipofika, miaka 27 ilikuwa imepita, na bado kulikuwa na watu wanaokumbuka.

Sisi wa Rusizi tunajua uzito wa kukumbuka pengine kuliko wengi. Tarehe 16 Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, hapa hapa, baadhi ya waliokuwa uwanja wa Kamarampaka waliitwa kwa majina yaliyokuwa kwenye orodha, wakatolewa, wakauawa. Kesi hiyo ilisikilizwa mpaka Arusha. Orodha ni karatasi. Kuna aliyeishika kalamu na kuna aliyeipiga chapa, na yupo pia aliyeisoma kwa sauti. Nikisema kwamba mkono wa mtu mezani unaweza kuua au kuokoa, hapa kwetu sihitaji mfano wa mbali. Na baadaye, gacaca, mahakama zetu za kijamii, zilipofanyika nchi nzima mpaka zikafungwa Juni 2012, tulikaa kwenye majani tukasikiliza majirani. Tuliona jinsi ukweli unavyomtegemea mtu mmoja aliye tayari kusimama na kusema, nilikuwepo. Tuliona pia waliokaa kimya. Na kati ya yaliyosemwa, ambayo mimi nadhani hatukuyashika vya kutosha, ni habari za wale waliokataa: aliyeficha mtu darini, aliyemvusha mwingine usiku kuelekea Bukavu. Wazee wanaozijua habari hizo wanazidi kupungua. Wana nguo mikononi na hakuna anayewaambia waziinue.

Hapa Rusizi I ni mahali padogo. Mto unatoka ziwani, daraja liko hapo, ng'ambo ni Bukavu. Alfajiri wanapanga mstari akina mama wenye beseni za nyanya, mayai, maziwa na sambaza, na mtu wa kutazama karatasi yuko mwanzo wa mstari. Mtaji wa mama wa sambaza ni mdogo mno. Akicheleweshwa saa mbili chini ya jua, samaki wameharibika na mtaji umekwenda. Akiombwa kitu cha kumwezesha apite haraka, faida ya siku imekwenda. Sisemi juu ya ofisi yoyote, wala simnyoshei mtu kidole. Wapo wanaofanya kazi mpakani ambao huwapitisha wajawazito mbele, wanaorudisha chenji iliyoangushwa, na wanaokataa kupokea kisichokuwa haki yao hata mwezi ukiwa umewabana. Nasikia habari zao kutoka kwa akina mama wenyewe, tena zinasemwa kwa mshangao, kama habari za mvua ya Julai. Kwa nini hatuzisemi kanisani? Tunasubiri wafe?

Papa Fransisko hakusubiri hata Kanisa litamke. Tarehe 2 Februari 2023, katika Uwanja wa Mashahidi mjini Kinshasa, kabla hata ya kutangazwa chochote, aliwasimulia vijana maelfu habari za Floribert. Aliwaambia kwamba angeweza kuyaacha yapite na hakuna ambaye angejua, na angefaidika. Lakini alikuwa Mkristo. Alisali, akawafikiria wengine, akachagua uaminifu. Kisha akawaongoza uwanja mzima kupaza sauti kuikataa rushwa. Nilipendezwa na jambo moja katika hotuba ile: sala na kuwafikiria wengine aliviweka mahali pamoja. Floribert hakuwa shujaa aliyeamka na moyo wa chuma. Alikuwa na mazoea. Mtu ambaye miaka kadhaa amekaa na maibobo, anapoliangalia gunia bovu, anamwona anayekuja kulila. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufundishwa.

Wapendwa, najua pia kwamba baadhi yetu tunasikia jina la Goma, au la Bukavu, na moyo unafunga. Miaka hii ya karibuni imeleta vita vingine na machungu mengine, na maneno yanayosemwa juu ya Wanyarwanda ng'ambo na juu ya Wakongo huku ni maneno ambayo singependa kuyarudia. Jumuiya ile ya Mtakatifu Egidio ina vijana pande zote mbili za mpaka, na imekuwa ikiwakutanisha. Bidhaa alizozikagua Floribert zilipita mpakani kama huu wetu. Hakuuliza mchele ni wa nani. Aliuliza kama unalika. Ninapomwomba atuombee, namwomba kama jirani.

Na jirani mwingine asisahaulike, ingawa hayumo kwenye orodha ya wenyeheri wetu na alitoka katika jumuiya ya ndugu zetu Waprotestanti. Pascal Kabungulu Kibembi aliongoza shirika la Héritiers de la Justice pale Bukavu, dakika chache kutoka darajani. Kazi yake ilikuwa kuandika: nani kakamatwa, nani kapigwa, nani kabakwa, na askari wa kikosi kipi. Aliwapa watu wasio na kitu kile ambacho mwanasheria humpa mteja wake kwanza kabisa, yaani kusikilizwa mpaka mwisho na kuandikwa jina lake sawasawa. Tarehe 31 Julai 2005 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake wakamuua. Kesi ilifunguliwa mwaka huohuo katika mahakama ya kijeshi Bukavu, kisha ikapelekwa Kinshasa na kukwama. Mtu aliyetumia maisha yake kuwaandikia wengine kesi zao, yake haikufika mwisho. Hapo kumbukumbu ya marafiki ndiyo mahakama pekee iliyobaki wazi, na wenzake Bukavu wameendelea kulitaja jina lake.

Kumbukumbu ya Mwenyeheri Floribert ni tarehe 8 Julai. Kabla ya siku hiyo naomba mambo mawili. Wanaofanya kazi za sheria, forodha, uhamiaji na ukaguzi, wa parokia yetu na wageni pia, waje Jumapili wakae viti vya mbele, tuwaombee kwa majina. Si kuwahoji, wala hatutawapa hotuba. Na wale wenye habari ya mtu wa namna hiyo, aliye hai au aliyefariki, aliyewahi kuwatendea haki mezani pake, waje na habari hiyo baada ya Misa. Katekista atakuwa na daftari. Mwenye kusema aseme alichokiona yeye mwenyewe, siku gani, mahali gani, na nani mwingine alikuwepo.